Chuo Kinafunguliwa Oktoba, Kikoba Kinavunjwa Desemba

Mama mmoja muuza samaki wa pale Deep Sea aliingia ofisini kwetu hapa Tanga mwishoni mwa Oktoba, mkononi ana barua ya binti yake ya kujiunga na chuo, imekunjwa mara nne na inanuka samaki. Alitaka mkopo wa laki nne, na aliutaka siku ileile. Nikamuuliza kama hana akiba kabisa.

"Pesa ninayo, mwanangu," akanijibu. "Ila imo sandukuni, na funguo ziko kwa watu watatu."

Sanduku ni la kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Humo alikuwa na zaidi ya laki sita, hisa alizonunua kila Ijumaa tangu Januari, lakini katiba ya kikundi inasema sanduku linavunjwa, yaani kila mtu anapewa chake, Desemba. Binti anatakiwa chuoni wiki ijayo. Basi mwenye pesa akakopa kwa riba.

Kwenye dawati hili la elimu ya fedha nimewaona wazazi wengi wa aina yake. Tukikaa kuhesabu, pesa huonekana. Tatizo ni kwamba pesa na siku ya kulipa havikutani.

Elimu bila ada nayo imetuzoesha. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa kidato cha tano na sita. Ni neema, sibishi. Ila mzazi anafika mwisho wa kidato cha sita akiwa amezoea sare, madaftari na michango, kisha ghafla anapokea barua ya chuo. Hata vyuo vya umma, ada ya shahada nyingi ni milioni moja au zaidi kwa mwaka. Weka juu yake bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 50,400, na 20,000 ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Hapo mtoto hajala wala hajalala.

"Si atapewa na Bodi?" Swali hili nalisikia kila wiki. Bodi ya Mikopo inasaidia kweli, na wengi wasingesoma bila hiyo. Lakini inaangalia uhitaji, na inatoa kwa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Mtoto anaweza kupata kipengele kimoja kizima na kingine nusu, ama akakosa kabisa. Chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini pesa hiyo humfikia akishafika chuoni, akasajiliwa na akasaini. Wiki za mwanzo ni za mzazi: nauli, godoro, ndoo, na kodi ya chumba kama amekosa hosteli. Wenye nyumba wa Dar es Salaam unawajua, hawapokei ya mwezi mmoja.

Tena ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Wa laki nane anaacha 120,000 kila mwezi. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Kadiri unavyoziba pengo wewe mapema, ndivyo atakavyohitaji kukopa kidogo.

Tuhesabu. Tangu mtoto aingie kidato cha kwanza hadi chuo kifunguliwe ni miezi zaidi ya 72. Ukiweka 25,000 kila mwezi kwa miezi hiyo 72 unapata 1,800,000 bila faida yoyote. Kwa siku haifiki elfu moja.

Uweke wapi? Inategemea pesa yako inaingiaje. Anayepata kidogokidogo, kama mama lishe wa Ngamiani au bodaboda wa Makorora, inamfaa mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko hiyo, wana Mfuko wa Watoto, unaanzia 10,000, na mtu anaongeza kadiri anavyojaliwa. Mkulima wa machungwa wa Muheza ni habari nyingine: pesa yake inakuja kwa mkupuo wa msimu na inaondoka kwa mkupuo. Huyo, akifikisha milioni moja, anaweza kununua hatifungani, yaani kuikopesha serikali kupitia Benki Kuu, ikamlipa riba mara mbili kwa mwaka. Kinachonisikitisha ni yule anayeuza chungwa likiwa bado ua, kwa bei ya dalali, kwa sababu chuo kimembana. Anapoteza mavuno ili alipe bili aliyoijua tangu mtoto akiwa kidato cha kwanza.

Karatasi nazo ziandae. Maombi ya mkopo hufanywa katikati ya mwaka, kwa ada ya 30,000, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kitoe leo ukiweke kando ya cheti cha shule. Kama kimoja kimeandikwa Mwanahamisi na kingine Mwanahamis, anza kurekebisha sasa, maana Agosti foleni ni ndefu na herufi moja inaweza kumla mtoto mwaka mzima.

Yule mama wa Deep Sea ana binti mwingine, kidato cha tatu. Juzi kanipitia kunieleza kwamba kikundi kimejadili kuhamishia mgao Septemba na mjadala ukawa mkali. Wenye watoto wa msingi wamekataa: wao Desemba ndiyo yao, wananunua sare na madaftari ya Januari. Nao wana hoja. Wameishia kumpa fundi kazi ya kisanduku cha pili, kidogo, cha wenye watoto wa sekondari tu, kitakachovunjwa wiki ya mwisho ya Septemba. Funguo bado ni tatu.