Kibao cha mashua na uhuru wa kujieleza: yanayosemwa Lamu na yaliyomo katika sheria

"Tangazo la biashara si maoni, kwa hiyo serikali yaweza kulizuia itakavyo."

Si kweli. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, wala hakitengi habari za bei na huduma. Na kwa Katiba hii, "mtu" ni pamoja na kampuni. Serikali ikitaka kuweka mipaka inabanwa na Kifungu cha 24: mpaka uwe katika sheria iliyoandikwa, uwe na sababu ya maana, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lilelile.

Mfano ulio wazi ni wa mawakili. Kanuni zao ziliwakataza kabisa kujitangaza, hadi mwaka 2012 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba katazo la jumla namna hiyo linakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2014 zikaja kanuni mpya zinazowaruhusu, kwa masharti. Kudhibiti kulibaki, kuziba mdomo kukaondoka.

"Basi naweza kuandika lolote."

Hapana. Kifungu cha 46 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Nahodha akiandika "mashua nzuri kuliko zote Lamu," anajisifu tu, hakuna wa kupima. Akiandika "jaketi la kujiokoa kwa kila abiria" naye ana majaketi manne kwa watu kumi, huo ni udanganyifu, na ni wa hatari. Bidhaa nyingine zimewekewa ukuta mrefu zaidi: tumbaku, kwa Sheria ya 2007, haitangazwi hata kwa fulana au mwavuli wenye nembo.

Picha za wageni nazo zina sheria yake. Tangu 2019, kutumia taarifa za mtu kibiashara, sura yake ikiwemo, kwahitaji ridhaa yake ya wazi. Mtoto, ridhaa ya mzazi. Ichukue kwa maandishi kabla mgeni hajashuka gatini.

"Marekani tangazo halina mipaka."

Linayo. Hadithi yao inaanza na chombo cha baharini. F. J. Chrestensen alikuwa na nyambizi iliyofungwa New York, akigawa vijikaratasi vya kuwaita watu waje kuitazama kwa malipo. Polisi walipomzuia, akachapa malalamiko yake upande wa nyuma. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda. Miaka 34 baadaye ikageuka, katika kesi ya bei za dawa kutoka Virginia. Mwaka 1980 ikaweka maswali manne: je, tangazo ni la jambo halali na halipotoshi? Serikali ina maslahi mazito? Katazo linayasaidia moja kwa moja? Halizidi kiasi? Mwenye kusoma Kifungu chetu cha 24 ataona ujirani, ingawa hukumu zao haziwafungi majaji wetu.

"Ukuta ni wangu, na leseni ya biashara ninayo."

Hapa ndipo wengi hukwama. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, na kibali cha tangazo ni kingine, si leseni ile ya duka. Nenda na mchoro wenye vipimo, picha ya mahali, na barua ya mwenye nyumba ikiwa umepanga. Ulizia ada katika Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, na udai risiti.

Mji wa kale nao una ulinzi wa turathi, na tangu 2001 umo katika orodha ya UNESCO. Kabla ya kutoboa ukuta, pata idhini ya wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Sababu si urembo peke yake: msumari wa chuma hushika kutu kwa chumvi ya bahari, huvimba, na kuipasua lipu ya chokaa. Kibao cha mbao kilichoning'inizwa hudhuru kidogo kuliko bati lililopigiliwa kwenye mawe ya matumbawe.

"Askari wa kaunti akikiondoa, huna la kusema."

Unalo. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ukikuumiza. Piga picha ya kibao na mahali kilipokuwa, andika tarehe na saa, kisha peleka barua ukiuliza ni sheria gani na kipengele kipi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.