Flati ama ofisi? Piga hesabu ya ushuru kabla hujaita fundi

Tangu Januari 2024 ushuru ambao wenye nyumba za kuishi Kenya hulipa kwa kodi ya wapangaji uliposhuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5, maswali hayaishi, na mengi ni ya watu wako na ploti na wanajiuliza waweke flati ama ofisi. Sisi wa ushuru (KRA) hatukuchagulii, pesa ni yako. Lakini hesabu zingine mnazotuletea jamani!

Flati inatozwa kwa kodi yote uliyokusanya. Yote. Hakuna kutoa loan ya benki, hakuna kutoa mshahara wa keateka (mtunza flati) wala rangi uliyopaka juzi, tumesema mara ngapi. Nyumba 20 za 15,000 ni 300,000, ushuru ni 22,500, unalipa kwa iTax, mtandao wetu wa ushuru, isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hii ni kwa anayepata kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Mwezi hujapata kitu faili nil, yaani ripoti ya sifuri, usinyamaze, maana ukichelewa kufaili ni 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru, ile kubwa ndiyo yako (kampuni inaanzia 20,000), na ukichelewa kulipa ni asilimia 5 nyingine na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Ofisi haiingii kwa hiyo 7.5, hata kama mpangaji ni wakili mmoja na meza yake. Huko tunatoza faida: toa riba ya loan, reti za kaunti, bima, ripea, kinachobaki ndicho kinatozwa, kampuni asilimia 30. Kwa hivyo mwenye ofisi Upper Hill, Nairobi, zimekaa nusu tupu na ana loan nzito anaweza kukosa ushuru wa kulipa kabisa, na mwenzake wa flati mwenye loan kama hiyo bado analipa. Huyo wa flati anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba amechagua mfumo wa mwaka, yaani atozwe faida kama wa ofisi, lakini wachache sana hufanya hivyo, wengi wanakuja kulalamika tu.

Sasa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani unaoongezwa juu ya bei. Flati imesamehewa. Kodi ya ofisi ikifika milioni 5 kwa mwaka unajisajili na kutoza asilimia 16, na hapa ndipo kesi nyingi zinatokea, mtu anasaini lease ya miaka sita bila kutaja VAT halafu mpangaji anakataa kuongeza hata shilingi, na ushuru tutakudai wewe. Mpangaji aliyesajiliwa VAT haumii sana, ataidai irudi kwa hesabu zake za VAT, asiyesajiliwa atakubana bei.

Na wale wa maduka chini flati juu, tenganisheni risiti, maana maduka yanahesabiwa kama ofisi.