Je, wajua kwa nini binti anaweza kula akashiba na bado akapungukiwa damu?

Binti wa kidato cha pili anamaliza sahani ya makande mchana na ugali usiku, lakini akipanda kilima anahema, darasani anasinzia. Nyumbani anaitwa mvivu. Hebu livute kidogo kope lake la chini: ndani kumepauka. Wengine huanza hata kutafuna udongo au mchele mbichi, na hiyo ni dalili, si utundu.

Tumbo kujaa hakumaanishi madini ya chuma yametosha, na bila madini hayo mwili hauwezi kutengeneza himoglobini inayobeba oksijeni. Binti akivunja ungo, mwili unakua kwa kasi huku kila mwezi akipoteza damu ya hedhi. Kati ya miaka 14 na 18 anakadiriwa kuhitaji miligramu 15 za chuma kwa siku. Kaka yake wa umri huo zinamtosha 11. Bado kuna malaria, na minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu.

Maharage na mchicha vina chuma, ila mwili hukifyonza kwa shida kuliko cha maini, nyama au dagaa. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Inywewe baadaye, saa moja au zaidi, na mboga ikamuliwe ndimu, au binti ale pera au chungwa, maana vitamini C husaidia ufyonzaji. Soda haiongezi damu kwa sababu tu ni nyekundu.

Tatizo hili likienea mahali, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kidonge kimoja kwa wiki chenye chuma na asidi ya foliki, aina ya vitamini B. Wazazi hushtuka: dawa ya wajawazito apewe mwanafunzi? Apewe. Hakihusiani na uzazi wa mpango, na damu yake anaihitaji leo. Tena uti wa mgongo wa mtoto, unaohitaji foliki ili ujifunge vizuri, hujifunga takriban wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua wamebeba, kwa hiyo foliki inayoanza kliniki huwa imechelewa.

Zahanati watampima wingi wa damu. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu. Kidonge kikimtia kichefuchefu, akimeze baada ya chakula. Choo kikiwa cheusi asiache dawa, ni chuma kilichobaki.