Serengeti Boys: ya vijiweni na ya uwanjani

Kila Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17 (U-17), wanapotolewa mashindanoni, maneno ya vijiweni ni yale yale. "Hawa hawana jipya." "Hata ile safari ya Gabon tulibebwa." "Vijeba watupu," yaani wamezidi umri. Nimeyasikia kwenye daladala, kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira, na kwa watu wenye vipaza sauti ambao ni kazi yao kujua zaidi. Sina ugomvi na anayeikosoa timu yetu. Ikosolewe. Kinachoniuma ni kuona inahukumiwa kwa mambo ambayo hayakutokea, huku yale yaliyotokea, machungu kwa matamu, yakiachwa yasahaulike.

"Gabon 2017 tulikwenda kwa tiketi ya mezani"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na ubaya wake ni kwamba ina nusu ya ukweli ndani yake. Ni kweli uamuzi wa mwisho wa nani aende fainali hizo za Afrika za U-17 ulitoka mezani, kwa CAF, shirikisho la soka Afrika. Lakini tazama vijana wale walivyofika hapo mlangoni.

Walianza na Shelisheli, wakawafunga jumla ya mabao 9-0. Wakapangiwa Afrika Kusini, taifa lililokuwa limecheza fainali ya mashindano hayo hayo mwaka 2015. Wakatoka sare ya 1-1 ugenini, wakarudi Dar es Salaam wakashinda 2-0. Hapo hakuna meza wala rufaa. Raundi ya mwisho ikawa dhidi ya Congo Brazzaville: Septemba 2016 tukashinda nyumbani 3-2, Oktoba tukafungwa kwao 1-0. Jumla 3-3, Congo wakapita kwa mabao ya ugenini, yaani walifunga mengi kuliko sisi ugenini.

TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikawa imelalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ikataka apimwe. Hakufikishwa kwenye kipimo, na mwanzoni mwa Februari 2017 Congo ikaondolewa, nafasi ikaja kwetu. Hapa kuna jambo linalopotoshwa hata na wanaotutetea: si kweli kwamba yule kijana alithibitishwa kuwa kijeba. Hakupimwa. Congo iliadhibiwa kwa kutomleta. Tofauti hiyo ni kubwa, na haki ya kijana yule inadai tuitaje.

Sasa waliofika "kwa mezani" walifanya nini Gabon? Tarehe 15 Mei 2017 walikutana na Mali, bingwa mtetezi. Sare tasa. Tarehe 18 wakaifunga Angola 2-1. Tukaingia mechi ya mwisho, tarehe 21, tukiwa na pointi 4 dhidi ya Niger wenye pointi 1. Sare ingetosha kutupeleka nusu fainali, na mwaka ule timu zote nne za nusu fainali zilikuwa zinakwenda Kombe la Dunia nchini India.

Niger wakatufunga 1-0. Wakatufikia kwa pointi 4, tofauti ya mabao nayo ikawa sawa, lakini wao ndio waliotufunga na wao ndio waliopita. Mali, ambao hawakuweza kutufunga, wakatwaa ubingwa. Niger wakaenda India, wakaifunga Korea Kaskazini, wakafika hatua ya 16 bora. Sijawahi kuutazama msimamo wa kundi lile bila kifua kubana. Pointi moja tu! Anayesema timu ile ilibebwa aseme pia ilibebwa na nani ilipoizuia Mali.

Tena wengine husema 2017 ndiyo mara ya kwanza kwetu kufuzu. Ndiyo mara ya kwanza *kushiriki*. Kufuzu tulikwishafuzu kwa fainali za 2005 zilizofanyika Gambia, tukaondolewa kabla hazijaanza kwa sababu tulimchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kwa hiyo kanuni ile ile iliyotufungulia mlango mwaka 2017 ndiyo iliyotufungia miaka kumi na miwili nyuma. Ukitaka kuisimulia moja, isimulie na nyingine.

"Ana miaka 17 kamili, huyo ni kijeba"

Hapa hesabu inawapiga chenga hata viongozi. Mashindano ya "chini ya miaka 17" hayaangalii umri wa siku ya mechi, yanaangalia mwaka wa kuzaliwa. Kwa Gabon 2017, aliyeruhusiwa ni aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000 au baada ya hapo. Kijana wa Februari 2000 alikuwa ameshatimiza miaka 17 aliposhuka uwanjani mwezi Mei, na alikuwa halali kabisa. Kwa hiyo ukisikia mchezaji amesherehekea siku yake ya kuzaliwa ya 17 kambini, usikimbilie kuita polisi wa umri.

Kuipuuza tarehe hiyo kuna gharama. Aprili 2018, kwenye mashindano ya vijana ya Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) nchini Burundi, Zanzibar ilirudishwa nyumbani kwa kupeleka wachezaji waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, mwaka ambao kanuni iliutaja kuwa mpaka. Mashindano yale yale, Serengeti Boys walitwaa kombe kwa kuifunga Somalia 2-0 katika fainali. (Na kwa wanaouliza kila mara: ndiyo, Zanzibar hushiriki CECAFA kama timu inayojitegemea, lakini kwenye mashindano ya FIFA vijana wa Unguja na Pemba hucheza chini ya bendera ya Tanzania.)

"MRI inasoma umri kama mzani unavyosoma kilo"

Laiti ingekuwa hivyo. MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, haiandiki miaka popote. Kinachopigwa picha ni kifundo cha mkono, mahali ambapo ncha ya mfupa ina tabaka la gegedu ambalo mfupa hukulia. Mtu anavyokomaa, gegedu lile hugeuka mfupa kidogo kidogo mpaka linaziba. Madaktari hulipanga zoezi hilo kwa madaraja sita, la sita likiwa na maana kwamba limeziba kabisa. Wataalamu wa FIFA walichunguza vijana wa mataifa mbalimbali wakaona kwamba kuziba kabisa kabla ya miaka 17 ni nadra mno, chini ya mmoja katika mia. Ndiyo maana aliye daraja la sita hukataliwa. FIFA ilianza kukitumia kipimo hiki kwenye Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009 nchini Nigeria. Hakina mionzi kama eksirei, kwa hiyo mzazi asiogope mwanawe kuingizwa mle.

Elewa basi kinachofuata. Kushindwa kipimo ni ushahidi mzito kwamba mtu amezidi. Kukipita si ushahidi kwamba hajazidi. Kijana wa miaka 18 ambaye mfupa wake umechelewa kuziba atapita na kushangiliwa. Kipimo huwazuia waliozidi sana. Wanaozidi kidogo hukamatwa na karatasi: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, rekodi za shule, na majina yao kwenye mashindano ya nyuma. Guinea ilijifunza hivyo mwaka 2019. Ilifika fainali ya Afrika hapa hapa Dar es Salaam, kisha ikaonekana kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wameandikishwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa katika mashindano ya nyuma yaliyofanyika Japani. Ikanyang'anywa safari ya Kombe la Dunia nchini Brazil, nafasi ikaenda kwa Senegal.

Nadhani pia tunakosea tunapodhani udanganyifu wa umri unaanza na mtoto. Mtoto wa miaka 15 hajiandikii cheti. Yupo mkubwa aliyeishika kalamu, na huyo mara nyingi hatajwi popote.

"2019 tulikuwa wenyeji, tukaaibika"

Takwimu zinauma: mechi tatu, pointi sifuri. Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Siwezi kuzipamba. Lakini nilikuwa jukwaani tarehe 14 Aprili, na ninayosimuliwa siku hizi kuhusu mechi ile ya Nigeria sikuyaona. Sikuona watoto walioogopa. Niliona watoto waliotoka nyuma, wakapata kuongoza, wakaufanya Uwanja wa Taifa utetemeke, kisha wakaishiwa pumzi mbele ya timu ambayo nchi yake imeshatwaa ubingwa wa dunia wa umri huo mara tano. Mabao manne dhidi ya Nigeria si aibu. Kuruhusu kumi na mawili katika mechi tatu ndilo tatizo, na ni tatizo la ulinzi ambalo lingejadiliwa kwa jina lake badala ya kufunikwa na neno "aibu".

"2021 hatukufuzu"

Tulifuzu. Desemba 2020 nchini Rwanda tulifika fainali ya CECAFA, Uganda wakatufunga 3-1, lakini wote wawili tukakata tiketi ya Morocco. Fainali zilikuwa zianze Machi 2021. Korona ikazifuta, na Kombe la Dunia la Peru lililokuwa lifuate lilikuwa limeshafutwa kabla. Timu ya wakubwa ikiahirishiwa mashindano, huyacheza mwakani. Kwa U-17 hakuna mwakani, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa haisogei. Vijana wale walizidi umri wakiwa nyumbani, na sasa hata kumbukumbu ya kwamba walifuzu imewaponyoka. Wengi huwachanganya na Ngorongoro Heroes, timu ya chini ya miaka 20, ambayo mwaka huo huo ilikwenda fainali zake Mauritania.

"Kombe la Dunia si la watu wa ukanda wetu"

Rwanda walikuwepo Mexico mwaka 2011, baada ya kufika fainali ya Afrika waliyoiandaa wenyewe. Uganda walikwenda Qatar Novemba 2025, wakaifunga Ufaransa 1-0, wakafika 16 bora. Hao ni Uganda ambao miezi saba kabla walitufunga 3-0 Morocco, katika fainali za Afrika ambazo Serengeti Boys walipoteza mechi zote tatu. Ukijumlisha 2017, 2019 na 2025 unapata mechi tisa za fainali na ushindi mmoja, ule wa Angola. Huo ndio ukweli ambao wakosoaji wangeushika, una nguvu kuliko porojo zote za mezani.

"Wakishatolewa hupotea"

Wengine hupotea, sikatai. Lakini kikosi cha Gabon kilikuwa na Dickson Job, Kibwana Shomari, Nickson Kibabage na kipa Ramadhani Kabwili, na wote wanne walikuja kuvaa jezi ya Yanga. Job na Kibwana walikuwa kwenye timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikashinda mjini Algiers 1-0 na kulikosa kombe kwa mabao ya ugenini, kanuni ile ile iliyowatoa Brazzaville wakiwa watoto. Job alikuwepo pia na Taifa Stars kwenye AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024. Kazi ya timu ya vijana ni kuzaa wachezaji kama hawa. Vikombe vikija, ni heri.

"Hakuna timu ya Tanzania iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA"

Hili husemwa na watu wazima wenye akili zao, na huwa nawauliza: Serengeti Girls ni timu ya nchi gani?

Mwaka 2022 mabinti wa chini ya miaka 17 waliifuata Cameroon hadi kwao wakaifunga 4-1, wakawamalizia Amaan, Zanzibar, kwa 1-0. Oktoba wakawa India, nchi ile ile ambayo kaka zao waliikosa kwa pointi moja. Mechi ya kwanza Japani wakawafunga 4-0, na nakumbuka simu yangu ilivyojaa ujumbe wa kejeli usiku ule. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, mabao ya Diana Mnally na penalti ya Christer Bahera. Kejeli zikanyamaza ghafla.

Ikabaki Canada. Kocha aliyekuwa kwenye benchi alikuwa Bakari Shime, yule yule aliyewaongoza vijana kule Gabon siku Niger walipotufunga. Amekwenda tena mechi ya tatu ya kundi, na tena ilihitajika angalau sare. Wakatoka 1-1. Ushindi mmoja, sare moja, kipigo kimoja, pointi 4: hesabu ile ile ya 2017, ila safari hii ikawapeleka robo fainali ya dunia, ambako Colombia, waliokuja kucheza fainali, ndio waliowatoa.