Mgodi wa Sishen na reli yake: tunayoyakosea tukizungumzia chuma

Kila habari za madini ya chuma ya Kishushe, kule Taita Taveta, zinapozuka hapa Nairobi, watu husema tuchimbe tu, utajiri utakuja. Mgodi wa chuma wa Sishen, Afrika Kusini, una mengi ya kutufunza.

Dhana: Mzigo mzito hauwezi kubebwa na reli nyembamba, lazima SGR (reli pana ya kisasa).

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote. Reli ya Sishen hadi bandari ya Saldanha, kilomita 861, ina upana wa milimita 1,067. Reli yetu ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja! Juu ya hiyo "nyembamba" wamekuwa wakipitisha treni za mabehewa 342, kila behewa na takriban tani 100 za madini, urefu karibu kilomita 4. Agosti 1989 walijaribu mabehewa 660 kwa mpigo: treni ya kilomita 7.3, na ikafika.

Uzito unabebwa na yale ambayo abiria haangalii: vyuma vinene vya reli, mataruma ya zege, kokoto iliyoshindiliwa vizuri, madaraja imara, na njia isiyo na miinuko mikali. Kwenye reli ya Sishen kila ekseli (mhimili unaoshika jozi ya magurudumu) huruhusiwa hadi tani 30. Kwa hiyo tukiulizana kuhusu reli zinazopita Voi, huko huko Taita Taveta, tuulize ekseli moja inaruhusiwa tani ngapi kabla ya kubishana juu ya upana.

Dhana: Malori yatatosha.

Treni moja ya mabehewa 342 ina zaidi ya tani 34,000. Kwa malori ya tani 28 hayo ni malori zaidi ya 1,200. Yapange kwenye foleni ya mizani ya Mlolongo, halafu kumbuka kwamba hiyo ni treni moja tu.

Dhana: Mgodi mkubwa ni pesa ya uhakika.

Shimo la Sishen lina urefu wa takriban kilomita 14, na madini bado yapo. Hata hivyo, Desemba 2023 kampuni ya Kumba, inayouchimba, ilitangaza kupunguza uzalishaji. Sababu ni reli: treni zilianguka, nyaya ziliibwa, na madini yaliyokwisha kuchimbwa yakarundikana mgodini yakisubiri mabehewa. Jiwe lililokwama mgodini halimlipi mchimbaji wala halilipi kodi.

Dhana: Kinachochimbwa ni chuma tayari.

Ni mawe. Hata yaliyo bora yana takriban theluthi mbili za chuma, kilichobaki ni oksijeni na uchafu. Ili yawe bati la kukunjia masanduku pale Kamukunji, yanahitaji tanuri kubwa, makaa ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa) na umeme usiokatika. Makaa hayo nayo huhitaji reli.