Ulrich Salchow: Makali ya Ndani na Mataji 10 ya Dunia

Ulrich Salchow alizaliwa Copenhagen mwaka 1877, akakulia Stockholm, akaiwakilisha Sweden katika kuteleza kwa madoido kwenye barafu. Kati ya 1901 na 1911 alitwaa ubingwa wa dunia mara 10. Aliukosa mwaka 1906 tu: mashindano yalikuwa Munich, naye hakwenda, akihofia waamuzi wangempendelea Mjerumani Gilbert Fuchs. Mwaka 1908, London, alishinda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanaume wanaocheza mmoja mmoja.

Wengi wanamjua kwa mruko wenye jina lake, lakini enzi zake sehemu kubwa ya alama ilitokana na michoro ya lazima. Mchezaji alichora duara kwa mguu mmoja, akarudia juu ya mstari uleule, kisha waamuzi wakakagua barafu. Chuma cha kiatu kina upana wa takriban milimita 4, na chini yake kuna mfereji unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Mistari miwili sambamba ikionekana, mchezaji amelalia makali yote mawili, na hilo ni kosa.

Mruko wa Salchow, alioufanya mashindanoni mwaka 1909, ulizaliwa na nidhamu hiyohiyo. Kwa anayezunguka kinyume cha saa, njia ya kawaida ni hii: anateleza mbele kwa makali ya nje ya mguu wa kushoto, anageuka kwa mguu huohuo, na sasa anarudi kinyumenyume kwa makali ya ndani. Anakunja goti na kusubiri. Mguu wa kulia unazunguka kutoka nyuma kuja mbele, unambeba juu, na anatua kwa mguu huo wa kulia, kinyumenyume, juu ya makali ya nje. Mguu huo hauchomi barafuni meno yaliyo kwenye ncha ya chuma ili kumsukuma. Nguvu inatoka hasa kwenye mkunjo wa makali ya kushoto.

Kinachoharibu mara nyingi ni haraka. Bega la kulia likitangulia mara tu baada ya kugeuka, chuma kinakwaruza barafu badala ya kuikata, na kimo kinapotea. Mguu ukitupwa mbali sana na mwili, mhimili unalala na mchezaji anatua kwa miguu miwili. Ndiyo maana mimi huutazama mguu wa kushoto kwanza, kabla ya kuhesabu mizunguko.

Leo Salchow ya mizunguko mitatu ina thamani ya msingi, yaani alama za kuanzia kabla ya waamuzi kuongeza au kupunguza, ya 4.30, na ya minne 9.70. Ya minne ikipungukiwa nusu mzunguko au zaidi, huhesabiwa kama ya mitatu.

Mwaka 1920, Antwerp, Salchow alirudi Olimpiki akiwa na miaka 42, akamaliza wa nne. Dhahabu ilikwenda kwa Msweden mwenzake, Gillis Grafström. Kuanzia 1925 hadi 1937 aliongoza shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Michoro ya lazima iliondolewa mwaka 1990, na hadi sasa hakuna mwanamume mwingine anayecheza peke yake aliyefikisha mataji 10 ya dunia.