Usiku wa Kwanza Rumande

Watu wengi hudhani kwamba aliyefungwa maisha ndiye wa kuhofiwa zaidi kwamba atajiua. Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya saikolojia katika magereza ya Kenya, nimejifunza kumtazama kwanza mahabusu aliyeletwa jana jioni: hajahukumiwa, hajui dhamana itapatikana lini, pengine mwili bado unadai pombe au dawa alizozizoea, na nyumbani kwake hakuna aliyepewa habari. Hatari huwa kubwa mno katika saa na siku hizo za mwanzo.

Kijana mmoja nilimkuta siku yake ya pili ameukabili ukuta, blanketi aliyopewa ingali imekunjwa, ugali umekauka sahanini. Nilimwuliza waziwazi kama alikuwa akifikiria kujiua. Askari aliyesimama mlangoni alishtuka, kwa kuwa wengi huamini kwamba swali hilo humtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii, humpa nafasi ya kuutua mzigo. "Tangu jana, daktari," alijibu, kisha akalia. Kilichomtafuna zaidi ni kwamba mama yake angezipata habari kwa majirani. Tulimpigia mama simu siku hiyo hiyo.

Mara nyingi mtu kama huyo hutiwa seli ya peke yake ili asijidhuru. Naielewa hofu ya askari, maana yeye ndiye atakayeulizwa, lakini upweke humwacha mgonjwa na mawazo yale yale yanayomwangamiza. Anachohitaji ni jicho la karibu na mtu wa kuzungumza naye. Huko Swansea, Uingereza, tangu mwaka 1991 wafungwa wamefunzwa na Samaritans, shirika la hisani linalowasaidia watu wenye mawazo ya kujiua, kuwasikiliza wenzao, na sioni kwa nini nyapara wetu, yaani wafungwa wanaosimamia wenzao, wasifunzwe vivyo hivyo.

Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipokitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinakiuka Katiba, mtu aliyenusurika kujiua aliweza kufungwa hadi miaka miwili, yaani kupelekwa mahali panapomzidishia maumivu yaliyomfikisha hapo.

Kanuni za Mandela za mwaka 2015, yaani viwango vya Umoja wa Mataifa vya kuwatunza wafungwa, zinataka mhudumu wa afya amwone kila anayeingia gerezani mapema iwezekanavyo na kuchunguza dalili za kutaka kujiua. Pale daktari hafiki, daftari la mapokezi lipo, lenye jina, kosa na pesa alizokuja nazo mahabusu. Ningependa paongezwe mstari wa swali nililomwuliza yule kijana, na mwingine wa namba ya simu ya mtu wa nyumbani, ambayo askari ataipiga kabla ya usiku kuingia.